Tuipime Nakala Kabla ya Kuilaumu Mashini

Leo nataka tuzungumze juu ya kompyuta ndogo, zile zinazoitwa netibuku, na juu ya hukumu inayotolewa upesi mno dhidi yake. Ni mashini zenye skrini ya inchi 7 hadi 11 hivi, zisizo na mahali pa kuingiza CD, zilizouzwa kwa wingi duniani kuanzia mwishoni mwa 2007 hadi karibu 2012. Ziliingia shuleni, katika ofisi za mashirika, katika sekretariati za kupiga mashini na kutoa fotokopi. Windows iliyokuja nazo imezeeka, imejaa virusi vinavyotembea na flashi, au haiwaki tena kabisa. Basi mtu analeta diski au flashi yenye Linux, ile ya laivu, inayowasha kompyuta nzima bila kugusa kilichohifadhiwa ndani yake. Anabonyeza kitufe, anasubiri, na mambo yanakwama: skrini nyeusi, au menyu inatokea kisha kimya, au maandishi meupe yanateremka na kusimama katikati. Dakika chache baadaye hukumu inatoka: mashini imekufa. Au nyingine: Linux haifai. Mimi nasema hukumu zote mbili hutolewa kabla ya ushahidi kupatikana, na kwamba katika mji ulio mbali kama Kindu yetu, kitu cha kwanza kutiliwa shaka ni ile nakala iliyo mkononi, kabla ya mashini na kabla ya Linux yenyewe.

Ili tuelewe kwa nini nakala ndiyo ya kushukiwa kwanza, tuangalie ilikotoka. Mjerumani Klaus Knopper alitoa Knoppix mwaka 2000, CD moja yenye mfumo mzima unaowaka bila kusakinishwa, na watu wengi ulimwenguni waliijua Linux kwa njia hiyo. Oktoba 2004 likaja toleo la kwanza la Ubuntu, mradi wa Linux ulioanzishwa na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Kwa miaka kadhaa, hadi 2011, kampuni yake ya Canonical ilikuwa ikituma CD za Ubuntu kwa posta, bila malipo, kwa yeyote aliyeziomba. Zile zilikuwa CD za kiwandani. Aliyezipokea hakuwa na sababu kubwa ya kujiuliza kama yaliyomo yamekamilika, na ikiwa mashini ilikataa kuwaka, ilikuwa haki kuigeukia mashini. Tangu huduma ile ilipofungwa, kazi ya kutengeneza nakala imekuja mikononi mwetu, na mzigo umekuwa mkubwa zaidi. CD hubeba megabaiti 700, nayo Ubuntu ya mwanzo ilitosha humo. Faili la Ubuntu 24.04 linazidi gigabaiti 5, halienei hata kwenye DVD ya kawaida ya gigabaiti 4.7. Kadiri faili linavyokuwa kubwa, ndivyo nafasi za kuharibika njiani zinavyoongezeka, lakini mazoea yetu ya kuliamini yamebaki yale ya enzi za CD ya posta.

Sasa fikirini safari ya faili hilo hadi Kindu. Mega za intaneti ni ghali, na mtandao hukatika. Kwa hiyo mara nyingi faili hupakuliwa mbali, Goma, Lubumbashi au Kisangani, na mtu mwenye bahati ya mtandao mzuri. Huenda upakuaji ulikatika kwenye asilimia 97, na faili likabaki na jina lake kamili ingawa mkia wake haupo. Kutoka hapo linahamishiwa kwenye flashi, kutoka flashi kwenye kompyuta ya rafiki, kutoka hapo kwenye flashi nyingine, kisha linapanda ndege, au treni ya kutoka Kabalo, au boti inayokuja na mto kutoka Ubundu. Hapa mjini linanakiliwa tena, labda wakati grupu ya umeme inatetemeka na mafuta yanakaribia kwisha. Programu ya kuandika ikionyesha kwamba kazi imekamilika, sehemu ya data inaweza kuwa bado iko kwenye kumbukumbu ya kompyuta, haijafika kwenye flashi. Anayeichomoa wakati huo bila kuiaga mashini anaondoka na nakala pungufu. Tena faili linalozidi gigabaiti 4 halikubali kukaa kwenye flashi iliyopangwa kwa mtindo wa FAT32, na flashi nyingi huuzwa zikiwa zimepangwa hivyo.

Halafu kuna flashi bandia, na hapa naomba mnisikilize kwa makini, kwa sababu uovu huu unawaibia watu fedha na unawaibia pia imani. Juu yake imeandikwa gigabaiti 64. Ukiichomeka, kompyuta inasoma gigabaiti 64. Lakini ndani yake kuna chipu ya gigabaiti 8, au 4, na kidhibiti chake kimefundishwa kusema uongo. Ukiandika data kupita uwezo wake wa kweli, inapokea kila kitu bila kulalamika, kisha inaandika juu ya kile kilichotangulia au inatupa. Majina ya mafaili utayaona, ukubwa wake utauona, lakini yaliyomo hayapo. Linux iliyowekwa kwenye flashi ya namna hiyo inaweza kuonyesha menyu vizuri na kufa katikati, na mwenye mashini ataapa kwamba flashi ni mpya, ameinunua jana. Upya si ushahidi wa uzima. Zipo programu za bure za kuipima flashi kwa kuijaza yote na kuisoma tena, H2testw kwa Windows na F3 kwa Linux. Fundi anayeuza flashi angepaswa kuzipitisha kwenye kila mzigo anaoupokea.

Wale wanaotengeneza Linux wanajua shida hii, nao wametoa dawa ambayo haigharimu karibu chochote. Kila faili kubwa wanalolitoa huambatana na namba ya uhakiki. Hesabu iitwayo SHA-256 inapitia kila baiti ya faili na kutoa mfuatano wa alama 64: tarakimu 0 hadi 9 na herufi a hadi f. Ikibadilika baiti moja tu katika gigabaiti 5, mfuatano mzima unageuka. Kwa hiyo ukilipima faili ulilonalo na kupata mfuatano uleule uliotangazwa na watengenezaji, nakala yako ni sawa na yao. Ukipata tofauti, hata ya alama moja, nakala hiyo haifai, na hakuna haja ya kuisumbua mashini. Kupima hakuhitaji programu mpya. Kwenye Windows unafungua dirisha la amri na kuandika certutil, nafasi, kistari na hashfile, nafasi, jina la faili, nafasi, SHA256. Kwenye Linux ni sha256sum na jina la faili. Hata kompyuta dhaifu inamaliza hesabu hiyo kwa dakika chache.

Mtu atasema: sawa, lakini nikiwa sina mtandao, hiyo namba ya watengenezaji nitaitoa wapi? Hapo ndipo uzuri wake ulipo kwa mji kama Kindu. Ujumbe mmoja wa SMS unachukua herufi 160. Namba ya uhakiki ni alama 64. Faili zito linaweza kusafiri juma zima kwa treni, na namba yake ikafika kwa SMS moja ndani ya sekunde, kutoka kwa ndugu aliye Goma au Bukavu, au hata Dar es Salaam, aliyeisoma kwenye tovuti ya watengenezaji wenyewe. Hata ukiamua kuifungua tovuti mwenyewe hapa Kindu, ukurasa wenye namba hizo ni maandishi matupu, mepesi kuliko picha moja ya WhatsApp. Sharti ni moja, nalo halina msamaha: namba isitoke kwenye flashi ileile iliyobeba faili. Aliyeharibu faili, au aliyelichezea kwa makusudi, anaweza kuandika kando yake namba yoyote anayoitaka. Namba na faili vipite njia mbili tofauti, ndipo kimoja kinaweza kumshuhudia mwenzake.

Nakuja kwenye pingamizi ninaloliheshimu zaidi, kwa sababu linatoka kwa mafundi na lina mantiki yake. Wanasema: menyu ilitokea. Kama menyu ilitokea, diski inasomeka. Kama diski inasomeka, kosa liko kwenye mashini. Kosa la hoja hii ni kudhani kwamba kuwaka ni tendo moja. Kuwaka ni safari yenye vituo. Treni ya kutoka Kabalo isipofika Kindu, hakuna anayesema kwamba reli imekwisha. Watu huuliza imeonekana wapi mara ya mwisho, Kongolo, Samba au Kibombo, na jibu ndilo linaloonyesha pa kutafuta. Katika kompyuta, programu ya awali iliyomo kwenye chipu, BIOS au UEFI, ndiyo inayotafuta diski na kusoma sehemu yake ya mwanzo. Sehemu hiyo inaonyesha menyu. Ukichagua, menyu inapakia kerneli, ambayo ndiyo moyo wa Linux, pamoja na mfuko mdogo wa zana za kuanzia. Kisha kerneli inaiachisha BIOS kazi, inashika vifaa kwa mikono yake yenyewe, na inaanza kuitafuta diski upya kana kwamba haijawahi kuiona. Ikiipata, inafungua faili moja kubwa lililobanwa, lenye mfumo wote. Mwisho kabisa inawasha picha kwenye skrini. Menyu na kerneli ni makumi ya megabaiti. Lile faili lililobanwa linaweza kuwa gigabaiti nzima, au mbili, au zaidi. Kwa hiyo menyu kutokea kunathibitisha uzima wa sehemu ndogo mno ya diski. Kuhusu sehemu iliyobaki, haijasema neno.

Hoja ya pili ya namna hiyo inasema diski ileile imewaka kwenye mashini nyingine, basi nzima. Hii ina nguvu kuliko ile ya kwanza, lakini nayo ina mwanya. Mfumo wa laivu hausomi faili lote wakati wa kuanza. Unasoma vipande unavyovihitaji, na mashini mbili zenye vifaa tofauti zinahitaji vipande tofauti. Kipande kibovu kinaweza kuwa ndicho chenye programu ya kuendesha kifaa kilichomo kwenye netibuku na kisichomo kwenye mashini ya jirani. Ubuntu, tangu toleo la 20.04 la Aprili 2020, hujikagua yenyewe kila inapowaka kutoka kwenye diski au flashi, na humwambia mtu kama imekuta kasoro. Wengi huuona ukaguzi huo unachelewesha, wakaukatiza. Msiukatize. Uhakiki wa faili unatuambia kwamba tulichokipokea ni kizima; ukaguzi huu unatuambia kwamba kilichoandikwa kwenye flashi nacho kilifika salama. Ni maswali mawili, na yote mawili yanahitaji jibu.

Tukishapata majibu hayo, ndipo mashini yenyewe inastahili kuulizwa, na inajibu waziwazi kwa mwenye subira ya kusoma. Ikiwa haionyeshi hata menyu, kwanza tutazame kama faili lilinakiliwa tu kwenye flashi kama vile wimbo au picha. Faili hilo, ambalo ni la aina ya ISO, haliwashi mashini kwa kukaa ndani ya flashi. Lazima liandikwe na programu maalumu, kama Rufus au Etcher, au amri ya dd. Tutazame pia kama mashini imeambiwa ianze na USB: F2, F12 au Esc, kila kampuni na kitufe chake. Ikiwa menyu inatokea, kisha maandishi yanasema kerneli inataka prosesa ya x86-64 na imekuta i686, hapo hakuna kilichoharibika. Mashini inaeleza kwamba imepewa Linux ya biti 64 ilhali yenyewe ni ya biti 32. Prosesa ya Intel Atom N270, iliyotoka 2008 na kuingia katika netibuku nyingi kuliko nyingine zote za wakati wake, ni ya biti 32 tu. Atom N450, iliyokuja mwanzoni mwa 2010, inaelewa 64. Mashini mbili zinaweza kufanana kama mapacha kwa nje, moja ikakubali diski na nyingine ikaikataa, kwa sababu hiyo peke yake.

Kuna kisa kingine cha biti kilichowatesa watu zaidi, kwa kuwa hakina maandishi. Baadhi ya kompyuta ndogo za 2014, mfano Asus X205TA, zina prosesa ya biti 64 lakini UEFI yake ni ya biti 32. UEFI hiyo inatafuta kwenye flashi faili la kuanzia la biti 32. Katika Linux nyingi za biti 64 faili hilo halimo, na mashini inaipita flashi kana kwamba haipo. Fundi anabadilisha flashi, anabadilisha tundu, anabadilisha Linux, na mwishowe anaitupa mashini isiyo na ugonjwa wowote. Debian, aina nyingine ya Linux, ililishughulikia jambo hili tangu toleo la 8 la mwaka 2015, kwa kuweka njia zote mbili katika diski moja yenye biti 32 na 64. Kwa kompyuta za namna hiyo, kuchagua Linux yenye faili la kuanzia la biti 32 ndiyo tiba.

Ikiwa kerneli imeanza na kusema haioni chombo chenye mfumo wa laivu, ikakuacha kwenye mstari wa amri mtupu, kumbuka ile safari: BIOS iliiona diski, kerneli haikuiona. Hapo wa kushukiwa ni tundu la USB, waya, au umeme. Tundu la USB 2.0 linatoa miliampea 500. Msomaji wa DVD wa nje anaweza kudai zaidi ya hizo anapozungusha diski kwa nguvu, na netibuku yenye betri iliyochoka na chaja isiyo yake haina cha kumwongezea. Ndiyo sababu wasomaji wengi wa aina hiyo walikuja na waya wenye vichwa viwili vya USB. Anayeweza kutumia flashi aachane na DVD. Anayelazimika kutumia DVD achomeke vichwa vyote viwili, na aifute diski vumbi, maana joto na unyevu wa huku kwetu havizihurumii diski zilizochomwa kwa kompyuta.

Na ikiwa kila kitu kimekwenda vizuri hadi mwisho, taa ya flashi inamweka, kisha skrini inakuwa nyeusi, mara nyingi tatizo ni picha tu. Netibuku zenye chipu ya picha ya GMA 500, na zile za mwisho zenye Atom N2600, zinajulikana kwa kutoelewana na Linux upande wa picha. Dawa ya kwanza ni kubonyeza e kwenye menyu, kwenda mwisho wa mstari unaoanza na neno linux, kuandika nomodeset, na kuanzisha kwa F10. Hapa kuna mtego unaotuhusu sisi hasa, watu wa shule ya Kifaransa. Kibodi zetu ni AZERTY, lakini menyu hiyo kwa kawaida inadhani kibodi ni QWERTY ya Kiingereza. Herufi n, o, d, e, s na t ziko mahali pamoja katika kibodi zote mbili. Herufi m haiko. Ukibonyeza m yetu, iliyo kulia kwa l, kinachoandikwa ni nukta-mkato, na kerneli haipati neno inalolijua. Skrini inabaki nyeusi, na mtu anatangaza kwamba amejaribu nomodeset na haikusaidia, ilhali hajaijaribu. Bonyeza kitufe cha koma, kile kilicho kulia kwa n. Ndicho m ya menyu. Vivyo hivyo kwa neno toram, linaloiamuru Linux ijipakie yote kwenye kumbukumbu ikiwa kumbukumbu inatosha: a iko kwenye kitufe chetu cha q, na m iko kwenye koma. Kabla ya kuanzisha, soma kwenye skrini kile kilichoandikwa kweli, wala usitegemee kile vidole vyako vinachodhani vimeandika.

Wapo watakaosema haya yote ni usumbufu, maana kila fundi ana Windows ya kunakili, na kwa muda mfupi mteja anaondoka na mashini inayowaka. Sitawacheka, wateja wanasubiri na umeme hausubiri. Lakini Windows ya kunakili haina namba ya kuipima. Hakuna wa kuulizwa kama ndivyo ilivyotoka kiwandani au kuna kitu kimeingizwa njiani. Tena njia hiyo inazidi kuwa nyembamba. Windows 7 iliacha kupokea marekebisho Januari 2020, na Windows 10 ikafuata tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inadai prosesa ya biti 64, gigabaiti 4 za kumbukumbu na chipu ya usalama ya TPM 2.0, masharti ambayo netibuku ya N270, ambayo kwa kawaida haizidi gigabaiti 2, haiwezi kuyatimiza. Hoja ya muda nayo haina uzito inaodhaniwa kuwa nao. Dakika chache za uhakiki zinafanyika wakati fundi anamhudumia mwingine. Kinachokula siku nzima ni kubahatisha: kubadilisha hiki, kuzima, kuwasha, kubadilisha kile, bila kujua kama jiwe la kwanza la ukuta lilikuwa zima.

Pingamizi la uzee ni zito zaidi, nami nalikubali kwa sehemu. Mashini yenye gigabaiti 1 ya kumbukumbu haitafungua tovuti za leo kwa raha, hata uipe Linux ya namna gani. Na mlango wa biti 32 unafungwa taratibu: Ubuntu iliacha kutoa diski yake kuu ya biti 32 mwaka 2017, na Debian 12 ya Juni 2023 ndiyo ya mwisho kuwa na programu ya kuisakinisha kwenye kompyuta hizi, Debian 13 ya Agosti 2025 haina. Lakini tusisahau kwamba mashini hizi zilizaliwa na Linux. Asus Eee PC 701, iliyofungua njia mwaka 2007, iliuzwa na Linux ndani yake, ikiwa na megabaiti 512 za kumbukumbu na gigabaiti 4 za hifadhi. Kwa Puppy au antiX, zinazotengenezwa kwa ajili ya kompyuta hafifu, mashini kama hiyo inaandika barua, inatunza daftari la maksi za wanafunzi, inafanya hesabu za duka, na kwa programu ya Kiwix inafungua Wikipedia bila mtandao hata kidogo. Katika shule ambayo walimu wanagombania kompyuta moja, hiyo ni ya pili. Ushauri mdogo wa pembeni: skrini hizi nyingi zina urefu wa nukta 600 tu, na vitufe vya madirisha makubwa hujificha chini, shika Alt na uburute dirisha juu kwa panya, utaviona. Watu wameacha usakinishaji katikati kwa kukosa kukiona kitufe cha kuendelea.

Kwa hiyo nawaomba mafundi wa mji huu, na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kindu mnaosomea kompyuta, mfanye jambo moja kuanzia juma hili. Chagueni nakala mbili, moja ya biti 32 na moja ya biti 64. Zipimeni, mlinganishe namba zake na zile za watengenezaji zilizopatikana kwa njia nyingine, kisha mzitunze mahali ambapo hakuna anayeziandikia tena. Juu ya bahasha ya kila moja andikeni kwa kalamu jina la Linux, toleo, biti zake, tarehe mliyoipima, na zile alama 64. Kila atakayekuja kunakili apewe faili, na namba aipokee kwa SMS kutoka kwa mtu mwingine. Na mteja anayeletewa habari kwamba netibuku yake imekufa ana haki ya kumuuliza fundi maswali mawili kabla ya kulipa: nakala uliyotumia umeipima, na mashini ilisimama kituo gani?